Tamsoni wa Reli na Mama Jesi: ukoo mmoja wa Pumwani ndani ya daftari za sensa

Kisanduku chenyewe kilikuwa bati la biskuti lililofungwa kwa leso iliyochujuka. Mwenye kisa alikiweka juu ya meza yangu, akakisukuma upande wangu kama mtu anayerudisha deni, akasema, "Mwalimu, huyu ndiye baba ya nyanya. Yuko humu ndani."

Ndani mlikuwa na vitu vitatu. Picha ya kijana wa Kizungu mwenye masharubu machanga, imebandikwa kwenye kadi ngumu, na chini ya kadi limepigwa jina la mpiga picha na la mji: Kilmarnock. Kifungo cha shaba cha koti chenye herufi U.R. Na kitambulisho cha nyanya yake mzaa mama, aliyefariki 1994.

Mwenye kisa ni mama wa hamsini na kitu, mzaliwa wa Pumwani, Nairobi, muuza mitumba soko la Gikomba. Ameniruhusu nieleze kisa, si nimtaje. Nami si mtaalamu wa chochote. Nilifundisha historia shule za sekondari, nikastaafu, na tangu hapo watu huniletea karatasi za babu zao kama wanavyompelekea fundi saa zilizosimama.

Nilimwomba kwanza aniambie yale ambayo kwao hayana ubishi, na yale yenye ubishi ayaweke kando. Yasiyo na ubishi yalikuwa haya. Nyanya aliitwa Jesi nyumbani maisha yake yote, ingawa kitambulisho kina jina la Kiislamu na "binti" wa mwanamume mwingine, ambaye ni baba wa kambo aliyemlea Pangani ya Nairobi. Baba mzazi aliitwa Wili Tamsoni, Mzungu wa reli. Jesi alizaliwa mwaka wa Kariakoo, na homa kubwa ya mafua ilipopita alikuwa angali ananyonya. Mama yake aliitwa Mama Jesi. Yenye ubishi ni namna Tamsoni alivyoondoka: wengine husema alirudi kwao, wengine husema alifia bara na hakuna aliyekuja kuwaambia.

Tarehe ya kuzaliwa, basi, tulikuwa nayo hata kabla ya kufungua karatasi yoyote. Mwaka wa Kariakoo ni 1917, pale wapagazi walipokusanywa kwa nguvu na kwa wingi kwa ajili ya vita vya Afrika Mashariki ya Wajerumani; mtaa wa Kariokor bado umebeba jina lao. Homa ya mafua ilipita mwishoni mwa 1918. Mtoto aliyezaliwa 1917 angekuwa bado ananyonya. Wasomi hucheka wakisikia mtu amezaliwa "mwaka wa nzige", lakini makarani wa sensa ya Kenya wenyewe wamekuwa wakibeba kalenda ya matukio ya kila eneo ili kukisia umri wa wazee wasio na cheti. Nyanya zetu walikuwa wanafanya kazi ya karani bila mshahara.

Ombi lake lilikuwa moja tu. "Mwalimu, nataka ile sensa ya 1948. Nyanya alikuwa hapa Pumwani, watu wazima wote waliandikwa. Nikiiona karatasi yake nitaona jina la baba."

Hapa ndipo wengi hukwama, na nimeona watu wakizungushwa ofisi hadi ofisi kwa miezi kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema. Sensa ya 1948 ni muhimu kweli: ndiyo ya kwanza iliyowahesabu Waafrika wa Kenya badala ya kuwakadiria. Ilipata watu wapatao milioni 5.4 nchi nzima, na Nairobi watu 118,976. Lakini kilichochapishwa ni majedwali. Utaona kabila, wilaya, wanaume, wanawake, watoto. Jina huoni. Ndivyo ilivyo pia kwa zilizofuata, 1962, 1969, na kila miaka kumi baada yake hadi ile ya Agosti 2019, ambayo karani alikuja na tableti mkononi badala ya karatasi. Sheria ya Takwimu ya 2006 inalinda taarifa za mtu mmoja mmoja, na kwa kweli ndiyo sababu watu hukubali kusema ukweli kwa karani. Nchi yetu imefanya sensa ili kujua idadi. Haijaigeuza kuwa kitabu cha ukoo.

Waingereza wana desturi nyingine. Huko daftari za sensa hufungwa kwa miaka 100, kisha hufunguliwa na majina yote ndani: nani alilala nyumba gani usiku ule, ana uhusiano gani na mkuu wa nyumba, umri, kazi, alikozaliwa. Wamarekani husubiri miaka 72. Ya mwaka 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Ndiyo maana Mmarekani mwenye subira anaweza kumfuata babu wa babu yake karibu kila miaka kumi kama anayefuata nyayo kwenye tope, na mtu wa Majengo, huko Pumwani, hawezi.

Lakini mwenye kisa alikuwa na kitu ambacho wengi wa Majengo hawana. Alikuwa na kadi iliyoandikwa Kilmarnock.

Kilmarnock ni mji wa Ayrshire, magharibi mwa Uskoti, na kwa mtu anayetafuta Mzungu wa reli ni jina la kumfanya akae wima kitini. Kampuni ya Andrew Barclay ilikuwa ikiunda injini za treni pale, na kampuni ya reli ya Glasgow and South Western ilikuwa na karakana yake kubwa mjini humo. Kijana wa Kilmarnock aliyekulia kwenye moshi wa injini kisha akaishia Nairobi si hadithi ya ajabu. Na kile kifungo: U.R. ni Uganda Railway, jina ambalo reli yetu ilikuwa nalo hadi katikati ya miaka ya 1920, Kenya ilipotangulizwa kwenye jina. Hivyo koti lile lilivaliwa kabla ya hapo. Kisa hakikupingana na vitu vyake, na hicho ndicho kipimo cha kwanza. Nimeshaletewa "barua ya babu ya 1905" iliyoandikwa kwa kalamu ya biki.

Sasa jina. Tamsoni, ukilitamka taratibu, ni Thomson. Lakini Thomson au Thompson? Waskoti kwa kawaida huandika bila p, Waingereza nayo. Kwa sikio la Kiswahili yote mawili ni Tamsoni, kwa hiyo mji ndio uliotuamulia: bila p. Wili ni William. Yaani tulikuwa tunamtafuta William Thomson katika Uskoti, jambo ambalo ni sawa na kumtafuta Juma Ali Mombasa. Hata Lord Kelvin, yule mwanasayansi wa vipimo vya joto, jina lake alilozaliwa nalo lilikuwa William Thomson, naye alituzibia njia kwenye kila utafutaji.

Sensa za Uskoti zimewekwa kwenye tovuti ya ScotlandsPeople, ambako unanunua krediti na kila picha ya ukurasa inakula kadhaa. Mwenye kisa alilipia kwa kadi ya Visa ya kwenye M-Pesa, akiwa amekaa saibani, duka la intaneti, kwa kijana mmoja wa Eastleigh, nami pembeni namwambia asibofye kila kitu. Kabla ya kulipa tulipita kwanza FreeCEN, ambako watu wa kujitolea wamenakili sehemu ya sensa za zamani na kuziweka bure. Ushauri wangu kwa yeyote ni huo huo: chujia kwenye vya bure, lipia ukishajua unachokitaka.

Kijana wa pichani tulimkadiria miaka ishirini hivi, na picha ilikuwa ya mtindo wa mwanzoni mwa karne. Tukasema amezaliwa kati ya 1878 na 1888. Sensa mbili ndizo tulizozitegemea kumkuta akiwa kwao: ya 1891 na ya 1901. Baada ya kuwaondoa waliokufa utotoni, ambao wanaonekana kwenye rejista za vifo za Uskoti zilizoanza 1855, tulibaki na wawili.

Wa kwanza, mwaka 1891, ana miaka minane. Baba ni mchimba makaa. Nyumbani kuna dada wa miaka mitano anayeitwa Jessie. Mwaka 1901 ni fundi chuma.

Wa pili ana miaka tisa mwaka 1891. Baba ni dereva wa mkokoteni wa farasi, mama anaitwa Janet, ana miaka 34. Hakuna Jessie yeyote nyumbani. Mwaka 1901 hakuonekana kabisa.

Ninyi mngechagua yupi? Mimi nilichagua wa kwanza, tena bila kusita. Jessie, Jesi; dada amepewa heshima na kaka yake aliye mbali. Nikampigia simu mwenye kisa jioni ile ile nikampa pongezi. Nikasikia vigelegele upande wa pili.

Kosa hilo ni langu na nalieleza lilivyokuwa, kwa sababu ndilo kosa ambalo kazi hii hukutegea kila siku: unapata jina unalolipenda, halafu unaacha kutafuta.

Aliyenishtua ni mkwe wa mwenye kisa, kijana wa Nyeri, ambaye hakuwa na habari na Uskoti wala hakuwa anaomba kupewa nafasi ya kusema. Alikuwa ameleta chai. Akauliza, "Lakini kwa nini mtu ampe binti wake wa kwanza jina la dada? Si angempa la mama yake kwanza?" Kwa Wakikuyu hilo halina mjadala: binti wa kwanza ni wa mama wa baba, wa pili ni wa mama wa mama. Nikamjibu kwa ujeuri kidogo kwamba Wazungu hawana mpango huo. Nikarudi nyumbani, nikasoma, nikakuta kwamba Waskoti walikuwa nao. Kijana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama; binti wa kwanza la nyanya mzaa mama, wa pili la nyanya mzaa baba. Si kila nyumba iliufuata, na hapa mpangilio ungekuwa umegeuzwa kidogo, lakini mtu aliyezaa Nairobi na mwanamke ambaye mama yake hakuwahi kumwona angechota jina kwa mama yake mwenyewe. Kwa mila ile na kwa mila ya mkwe, Jesi alikuwa nyanya kabla ya kuwa mtoto.

Kumbe basi nilipaswa kutafuta mama, si dada. Na wa pili mama yake ni Janet. Bado si Jessie.

Ila Jessie, kwa Waskoti, ni kifupisho cha Janet. Halifanani nalo hata kidogo, na hakuna namna mtu wa hapa angelijua kwa kulisikiliza tu. Ni kama kumweleza Mskoti kwamba Mwanaisha na Esha ni mtu mmoja.

Tukarudi kwa yule wa pili, na safari hii tukamtafuta kwa nyumba. Tukachukua majina ya wadogo zake pamoja na umri wao uliotakiwa kuwa umefikia mwaka 1901, tukayatafuta bila jina la ukoo. Nyumba nzima ikajitokeza. Aliyenakili alikuwa amesoma herufi m kuwa r na n, akaandika Thornson. Ndiyo maana hawakuwa wakionekana. Na katika daftari hiyo ya 1901 karani ameandika mke wa mkuu wa nyumba: Jessie. Umri wake ni 42, yaani katika miaka kumi ameongeza minane tu, jambo ambalo mwenye kisa alilielewa haraka kuliko mimi. William ana miaka 19, kazi yake ni kusafisha injini za reli. Nilipoliona hilo nilisimama nikazunguka meza. Kusafisha injini kulikuwa ngazi ya kwanza. Kutoka hapo kijana hupanda kuwa mchochea moto, kisha dereva.

Nataka nikae hapa kidogo, maana ndiyo shabaha ya uchambuzi wote huu. Sensa haihesabu ukoo. Inahesabu nyumba, usiku mmoja. Mtoto aliyelala kwa shangazi usiku ule ataandikwa kwa shangazi, na baba aliye kazini usiku atakosekana ingawa yu hai. Jina ni kitu dhaifu kuliko vyote kwenye ukurasa ule: karani analisikia vibaya, mnakilishaji analisoma vibaya, na mwenyewe analibadilisha. Watu waliozunguka jina ndio wagumu kubadilika. Nyumba yenye Janet, dereva wa mkokoteni na watoto saba waliofuatana kwa mpango fulani haijirudii mtaa wa pili. Anayetafuta kwa jina atapata watu mia; anayetafuta kwa nyumba atapata nyumba moja au hatapata kitu.

Nyumba yenyewe ilimfanya mwenye kisa acheke, kicheko cha kwanza tangu tuanze. Sensa za Uskoti za wakati ule ziliuliza jambo ambalo sikulitarajia: vyumba vingapi vina dirisha. Kwa kina Thomson mwaka 1891 jibu lilikuwa viwili, na usiku ule walilala humo watu tisa. Akaisoma mara mbili. "Kumbe walikuwa wamebanana kama sisi," akasema. "Nyanya alikuwa akituambia babu yetu ni mtu mkubwa, ana jumba Ulaya."

Yule wa kwanza nilimfuatilia mpaka mwisho ili nimtoe kwa haki. Sensa ya 1911 inamkuta Kilmarnock, ameoa. Ya 1921, ambayo Uskoti iliifungua Novemba 2022, inamkuta palepale na watoto waliozaliwa mfululizo, mmoja wao mwaka uleule wa 1917. Hakuwa Nairobi. Wa pili hayupo 1911 kwa wazazi wake, wala hayupo popote Uskoti tulipoweza kumtambua, wala 1921. Kutoonekana si ushahidi. Anaweza kuwa alikwenda Uingereza, Kanada, baharini, au amekaa chini ya Thornson nyingine. Lakini kutoonekana ndiyo sura ambayo mtu aliyeko Nairobi angekuwa nayo. Na zaidi ya hapo kwa sasa hakuna kurasa nyingine: sensa ya 1931 ya Uingereza na Wales iliungua Desemba 1942, ile ya Uskoti ilinusurika lakini imefungwa hadi itimize miaka yake 100, na 1941 hawakuhesabu kwa sababu ya vita.

Upande wa Nairobi tulikuwa na faida moja. Wazungu walikuwa wachache. Serikali ya kikoloni iliwahesabu wasio Waafrika peke yao mwaka 1911, 1921, 1926 na 1931, na mwaka 1911 Wazungu wa nchi nzima walikuwa 3,175 tu. 1921 walifika 9,651. Ripoti hizo nazo ni majedwali, lakini umati mdogo namna hiyo huacha alama kwingine. Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo matoleo yake ya zamani yanasomeka mtandaoni, lilikuwa likichapisha majina ya wapiga kura na matangazo ya mirathi ya Wazungu waliofia huku. Tulipita miaka kadhaa ya matangazo hayo. Tuliwapata Thomson wachache, na mmoja tu mwenye herufi W. mbele, bila kazi, bila mji wa kwao. Mwenye kisa alitaka tumwandike. Nilikataa. W. ni Walter pia.

Kwa hiyo faili linasema hivi kuhusu Wili Tamsoni: msafisha injini wa Kilmarnock, mwana wa Janet aitwaye Jessie, ndiye anayefaa kuliko wote tuliowapata. Nimeandika "anayefaa". Mwenye kisa angependa niandike "ndiye", na tumeshabishana juu ya neno hilo mara tatu. Kingine ambacho kingeweza kulimaliza ni kipimo cha damu, kwani siku hizi watu hupata binamu wa ng'ambo kwa njia hiyo. Mjomba wake mkubwa, mwana wa Jesi, alilifunga kwa sentensi moja: "Damu yangu haiendi kwenye kompyuta ya mtu kumtafuta aliyetukimbia." Kikao kikaishia hapo, na sikuona haja ya kumshawishi.

Ila maneno ya mjomba yalinirudisha kwenye jambo ambalo lilikuwa limekaa mezani tangu siku ya kwanza, nasi tukalipita kila mara kumfikia Tamsoni. Mama Jesi.

Tulimpata mwanamke wa Kilmarnock ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, tunajua umri aliodanganya, watoto aliozaa, madirisha ya nyumba yake. Mwanamke aliyembeba Jesi mgongoni Pangani, aliyeolewa tena, aliyehama na vyombo vyake kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake kupelekwa Shauri Moyo, huyo tunajua jina la mtoto wake tu. Nilimuuliza mwenye kisa jina lake halisi. Akamuuliza mjomba. Mjomba akasema, "Mama Jesi." Akauliza shangazi wawili. "Mama Jesi." Heshima yetu ya kutomtaja mama kwa jina lake ilikuwa imemfunika mpaka akapotea.

Na sensa haikumkuta. Alifariki, kwa hesabu ya mjomba, wakati wa vita vya Hitler, akazikwa makaburi ya Waislamu Kariokor. Hiyo ni kabla ya 1948. Kabla ya mwaka huo idadi ya Waafrika ilikuwa makadirio, na makadirio yalitegemea sana daftari za kodi. Kodi ya vibanda ilianza 1901. Mwanamume alilipia kila kibanda cha mke wake. Kwa hiyo kwenye hesabu zile mwanamke alionekana, akionekana, kama kibanda cha mtu. Hata kipande, kitambulisho cha kazi kile cha kuning'inizwa shingoni ndani ya kibati kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920, kilikuwa cha wanaume. Kama ningekuwa namtafuta mumewe Mwafrika ningekuwa na alama za vidole, kabila, mwajiri. Yeye alizaliwa, akazaa, akafa, katika mji uliokuwa ukihesabu kila kitu.

Tulikwenda Nyaraka za Taifa, lile jengo la Moi Avenue lililokuwa Benki ya India, ambalo nusu ya Nairobi huliona kama mahali pa kukutania tu bila kuingia. Tulisoma majalada ya uhamisho wa Pangani. Kuna barua nyingi za maafisa juu ya mitaro, vyoo na maji. Wenye nyumba wametajwa hapa na pale, na wanawake wamo miongoni mwao, kwani wanawake wengi wa Pangani na Pumwani walikuwa na nyumba zao wenyewe. Hayumo. Mwenye kisa aliyasoma yote kwa kidole, mstari baada ya mstari, akiwa amevaa miwani yangu.

Kilichobaki hakikuwa karatasi. Mjomba alikumbuka kwamba Shauri Moyo bado yuko mwanamke mmoja aliyekulia nyumba ya jirani, ambaye sasa ana miaka zaidi ya tisini. Tulimwendea Jumamosi asubuhi, mwenye kisa amebeba sukari na sabuni. Nyanya yule alimshika uso kwa mikono miwili, akamwambia amechukua paji la Jesi. Tulipomuuliza jina la Mama Jesi alinyamaza sana. Halijui. Alikuwa mtoto, na mtoto hakuwa akiwataja wakubwa. Ila akakumbuka sauti: asubuhi akitwanga alikuwa akiimba kwa lugha ambayo watoto hawakuielewa, na wanawake wenzake wakimtania kupitia ukuta wakimwita, "We Mama Jesi wa Machakosi, tulale!"

Rafiki yangu mmoja angesema hilo si ushahidi, na kwa kanuni nilizompigia kelele mwenye kisa juu ya herufi W. si ushahidi. Machakos ingeweza kuwa alikozaliwa, au alikokuwa na mume wa kwanza, au mzaha tu wa majirani. Mwenye kisa hakuniuliza. Alichukua faili kutoka mkobani mwangu, akafungua ukurasa ambao upande wa kushoto una nyumba nzima ya Kilmarnock na upande wa kulia ni mweupe. Akaandika kwa penseli: Machakos. Akanitazama, akaongeza alama ya kuuliza.